Kutoka Mwombaji hadi Mdai: Maisha ya Tony deBrum na Diplomasia ya Visiwa vya Marshall

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Tony deBrum (1945–2017), mwanadiplomasia wa Jamhuri ya Visiwa vya Marshall. Kwa kufuata matukio kuanzia majaribio ya silaha za nyuklia ya mwaka 1954 hadi Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, makala yanaonyesha jinsi taifa lisilo na jeshi wala uchumi mkubwa lilivyobadili nafasi yake mbele ya mataifa yenye nguvu. Hoja kuu ni kwamba mchango wa deBrum ulikuwa kuitoa nchi yake katika nafasi ya mwombaji na kuiweka katika nafasi ya mdai, kwa kutumia nyenzo tatu: ushahidi wa aliyeona, sheria ya kimataifa, na muungano wa mataifa. Makala pia yanabainisha mipaka ya nyenzo hizo, kwani kila mafanikio yaliyopatikana yalikuwa na gharama yake.

1.0 Utangulizi

Jamhuri ya Visiwa vya Marshall iko katikati ya Bahari ya Pasifiki, baina ya Hawaii na Australia. Ina atoli 29 na visiwa vitano vilivyosimama peke yake. Atoli ni mduara wa visiwa vyembamba vya matumbawe unaozunguka maji ya bahari yaliyotulia ndani yake. Nchi kavu yote ikikusanywa pamoja ni takriban kilomita za mraba 181, na sehemu kubwa yake imeinuka kama mita mbili tu kutoka usawa wa bahari. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 42,000. Nchi hiyo haina jeshi; ulinzi wake uko mikononi mwa Marekani kwa mujibu wa mkataba baina ya nchi hizo mbili.

Mitazamo ya uhusiano wa kimataifa inayopima nguvu za dola kwa majeshi, utajiri na idadi ya watu haiachi nafasi kubwa kwa nchi ya namna hiyo. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na historia ya Visiwa vya Marshall katika karne ya 20 inaelekea kuthibitisha usemi huo. Hata hivyo, mwaka 2014 nchi hii iliyashtaki mataifa tisa yenye silaha za nyuklia, na mwaka 2015 ilikuwa kiini cha muungano uliosaidia kuingiza kikomo cha nyuzi joto 1.5 katika Mkataba wa Paris. Katika matukio yote mawili alikuwapo mtu mmoja: Tony deBrum.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: nchi isiyo na cha kutishia wala cha kuhonga hutegemea nini inapokaa mezani na wakubwa? Maisha ya deBrum yanatoa jibu lenye pande mbili, upande wa uwezo na upande wa mipaka.

2.0 Usuli: Eneo la Udhamini la Aina ya Pekee

Visiwa vya Marshall vilipitia mikono ya watawala kadhaa. Ujerumani ilivitawala tangu mwishoni mwa karne ya 19, Japani ikavichukua wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Marekani ikaviteka mwaka 1944. Mwaka 1947 viliingizwa katika eneo la udhamini la Umoja wa Mataifa la Visiwa vya Pasifiki chini ya usimamizi wa Marekani.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu mfumo wa udhamini kwa njia ya Tanganyika, ambayo nayo ilikuwa eneo la udhamini chini ya Uingereza. Tofauti baina ya maeneo hayo mawili ni ya msingi. Tanganyika ilikuwa chini ya Baraza la Udhamini, na ndiyo maana Julius Nyerere aliweza kusafiri hadi New York mwezi Machi 1955 na kulihutubia baraza hilo kuhusu mustakabali wa nchi yake. Visiwa vya Pasifiki vilitangazwa kuwa eneo la udhamini la kimkakati, aina ambayo Katiba ya Umoja wa Mataifa iliiweka chini ya Baraza la Usalama. Katika Baraza la Usalama, Marekani ilikuwa na kura ya turufu. Kwa maneno mengine, mdhamini alikuwa pia na uwezo wa kuzuia uamuzi wowote uliomhusu. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Baraza la Usalama halikuhitimisha udhamini wa Visiwa vya Marshall hadi Desemba 1990.

Baina ya 1946 na 1958, Marekani ilifanya majaribio 67 ya silaha za nyuklia katika atoli za Bikini na Enewetak. Wakazi wa Bikini walihamishwa mwaka 1946 ili kupisha majaribio hayo. Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954 na lilipewa jina la Castle Bravo. Lilitoa nguvu ya megatoni 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyokadiriwa na waliolitengeneza, na takriban mara 1,000 ya bomu lililoangamiza Hiroshima. Vumbi lenye mionzi liliangukia atoli za Rongelap na Utrik zilizokuwa na watu, pamoja na mashua ya wavuvi wa Kijapani. Watu wa Rongelap waliondolewa baada ya siku mbili hivi, tayari wakiwa na muwasho wa ngozi na kutapika. Baadaye walifanywa kuwa sehemu ya utafiti wa kitabibu ulioitwa Mradi 4.1, na miongoni mwao, hasa waliokuwa watoto siku ile, magonjwa ya tezi ya shingo yalionekana kwa wingi katika miaka iliyofuata.

Mwezi Aprili 1954 viongozi wa Wamarshall walipeleka ombi katika Umoja wa Mataifa. Waliomba majaribio yasimamishwe mara moja. Na kama isingewezekana, basi tahadhari zote zichukuliwe kabla ya kulipua. Baraza la Udhamini lilionyesha masikitiko na kuhimiza tahadhari, lakini majaribio yaliendelea hadi 1958. Ombi hilo ni hatua muhimu katika uchambuzi huu kwa sababu linaonyesha nafasi waliyokuwa nayo Wamarshall kisheria: waliruhusiwa kuomba, na mwenye kuombwa aliruhusiwa kukataa.

3.0 Mtoto wa Likiep

Tony deBrum alizaliwa mwezi Februari 1945 na kukulia katika atoli ya Likiep. Jina la ukoo wake lina asili ya Kireno, likitokana na baharia aliyelowea visiwani humo katika karne ya 19 na kuoa katika jamii ya wenyeji. Siku ya jaribio la Castle Bravo, deBrum alikuwa na umri wa miaka tisa. Alikuwa baharini na babu yake wakivua samaki, umbali wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Bikini.

Maelezo ya yale aliyoyaona asubuhi hiyo aliyarudia katika hotuba zake nyingi, hata mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Alisimulia mwanga mkali uliotangulia, kisha ngurumo, kisha anga yote ikageuka nyekundu pamoja na bahari, nyavu na babu yake. Alifananisha hali hiyo na kukaa ndani ya bakuli la kioo la kufugia samaki ambalo mtu amelimwagia damu kwa juu.

Thamani ya ushahidi huu katika diplomasia yake inahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Wanadiplomasia wengi waliozungumzia silaha za nyuklia katika karne ya 20 walizungumza kwa nadharia: uwiano wa nguvu, idadi ya vichwa vya makombora, uhakiki wa mikataba. DeBrum alizungumza kama shahidi kwa maana ya kisheria ya neno hilo, mtu aliyekuwapo na kuona. Aidha, ushahidi wake ulikuwa na uzito wa ziada kwa sababu Likiep haikuwamo katika orodha ya atoli nne zilizotambuliwa rasmi kuwa ziliathiriwa, yaani Bikini, Enewetak, Rongelap na Utrik. Nyaraka za siri zilizofunguliwa katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba vumbi la majaribio lilifika mbali zaidi ya atoli hizo nne. Kwa hiyo kila aliposimulia asubuhi ile ya Likiep, alikuwa pia anapinga ramani ya madhara iliyokuwa imechorwa na upande wa pili.

4.0 Msomi wa Lugha na Mjumbe wa Mazungumzo

DeBrum alikuwa mmoja wa Wamarshall wa kwanza kuhitimu chuo kikuu, na masomo yake aliyapata Hawaii. Jambo lisilotajwa mara nyingi katika tawasifu fupi za wanasiasa wa Pasifiki ni kwamba alikuwa pia mwanaleksikografia. Kamusi ya Kimarshall na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1976 na Chuo Kikuu cha Hawaii ina majina manne ya waandishi: Takaji Abo, Byron W. Bender, Alfred Capelle na Tony deBrum. Kazi hiyo ilifanywa katika miaka ileile ambapo Wamarshall walikuwa wanajadili kama wawe taifa lao wenyewe au sehemu ya shirikisho pana la Mikronesia.

Uhusiano baina ya kamusi na mazungumzo ya uhuru si wa kubahatisha. Mtunga kamusi hulazimika kuamua neno moja lina maana gani, linaishia wapi na la pili linaanzia wapi. Mjumbe wa mazungumzo ya mkataba hufanya kazi inayofanana nayo, kwani tofauti ya neno moja katika kifungu inaweza kubadili haki za vizazi. DeBrum aliingia katika mazungumzo na Marekani akiwa kijana, akifanya kazi karibu na Amata Kabua ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza. Mwaka 1978 wapiga kura wa Visiwa vya Marshall waliikataa katiba ya shirikisho la Mikronesia, na tarehe 1 Mei 1979 katiba yao wenyewe ilianza kutumika. Katika maisha yake ya kisiasa, deBrum alishika wizara ya mambo ya nje katika vipindi vitatu tofauti, cha mwisho kikiishia mapema mwaka 2016. Kwa muda mrefu alikuwa mbunge katika Nitijela, yaani bunge la nchi hiyo, akiwakilisha atoli ya Kwajalein.

5.0 Mkataba wa Ushirikiano Huru na Mlango Uliofungwa

Mazungumzo na Marekani yalizaa Mkataba wa Ushirikiano Huru ulioanza kutumika mwezi Oktoba 1986. Kwa mkataba huo, Visiwa vya Marshall vilijitawala, vikapokea misaada ya fedha, na raia wake wakapata haki ya kuishi na kufanya kazi Marekani bila viza. Kwa upande wake, Marekani ilibaki na dhamana ya ulinzi na iliendelea kutumia Kwajalein kuwa kituo cha kujaribia makombora. Nchi hiyo ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 1991.

Kifungu cha 177 cha mkataba kilihusu madhara ya majaribio. Marekani ilikubali wajibu wa kulipa fidia na ikatoa dola milioni 150 kuanzisha mfuko. Pamoja na hayo, makubaliano yaliyotekeleza kifungu hicho yalihesabu malipo hayo kuwa suluhisho kamili la madai yote, yaliyopita, ya wakati ule na ya baadaye, na kesi zilizokuwa mahakamani Marekani zikafungwa. Baraza maalumu la madai lililoundwa chini ya mkataba baadaye lilikadiria fidia inayozidi dola bilioni 2. Mfuko haukuwa na uwezo wa kulipa isipokuwa sehemu ndogo ya kiasi hicho.

Mkataba uliacha upenyo mmoja: iwapo hali ingebadilika na madhara mapya yakajulikana, serikali ya Visiwa vya Marshall ingeweza kuliomba Bunge la Marekani kuongeza fidia. Ombi la namna hiyo liliwasilishwa mwaka 2000. Serikali ya Marekani ilijibu kwamba halikuwa na msingi wa kisheria.

Hapa ndipo muundo wa tatizo unapoonekana wazi. Baina ya ombi la 1954 na ombi la 2000 ilipita miaka 46. Katika kipindi hicho Wamarshall walipata katiba, bendera na kiti katika Umoja wa Mataifa, lakini katika suala la nyuklia walibaki palepale: waombaji mbele ya yule yule waliyemlalamikia, naye akiwa ndiye mwamuzi. Mlango wa kudai fidia ulikuwa umefungwa kwa mkataba ambao wao wenyewe waliutia saini.

6.0 Mahakamani The Hague

Tarehe 24 Aprili 2014, deBrum akiwa waziri wa mambo ya nje, Visiwa vya Marshall vilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki dhidi ya mataifa tisa: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China, India, Pakistan, Israel na Korea Kaskazini. Siku hiyohiyo kesi nyingine dhidi ya Marekani ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko California.

Busara ya kesi hizo imo katika kile ambacho hazikuomba. Hazikudai hata dola moja. Kwa kuwa mkataba wa 1986 ulikuwa umefunga madai ya fidia, deBrum na mawakili wake walichagua dai lililokuwa nje ya mkataba huo. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia kinayataka mataifa kufanya mazungumzo ya nia njema ya kupunguza na kuondoa silaha hizo. Mwaka 1996 Mahakama hiyohiyo, katika maoni ya ushauri, ilisema kuwa upo wajibu wa kuyafanya mazungumzo hayo na kuyafikisha mwisho. Visiwa vya Marshall, vikiwa mwanachama wa mkataba huo tangu 1995, vilidai kwamba wajibu haukutekelezwa. Dhidi ya mataifa yasiyo wanachama, dai lilijengwa juu ya sheria ya kimataifa ya mazoea. Kwa hatua hiyo nchi ilikoma kuzungumzia majeraha yake pekee na ikasimama kama mhusika wa mkataba anayemdai mhusika mwenzake.

Kati ya mataifa tisa, matatu tu, yaani Uingereza, India na Pakistan, yalikuwa yameikubali mamlaka ya lazima ya Mahakama. Mengine sita hayakuridhia kushtakiwa, na kesi zao hazikuendelea. Mwezi Machi 2016 deBrum, ambaye wakati huo hakuwa tena waziri, alisimama mbele ya majaji The Hague na kueleza alichokiona akiwa na miaka tisa.

Hukumu zilitolewa tarehe 5 Oktoba 2016. Mahakama ilisema haiwezi kusikiliza kesi kwa sababu, siku zilipofunguliwa, hapakuwa na mgogoro wa kisheria baina ya wahusika. Matamko ambayo Visiwa vya Marshall viliyatoa katika mikutano ya kimataifa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 yalionekana hayatoshi kuwafanya washtakiwa watambue kuwa kulikuwa na dai mahususi dhidi yao. Katika kesi ya Uingereza, majaji kuhusu hoja hiyo waligawanyika 8 kwa 8, na uamuzi ukapatikana kwa kura ya ziada ya Rais wa Mahakama, Ronny Abraham. Miongoni mwa waliopinga katika kesi hiyo walikuwamo Julia Sebutinde wa Uganda na Makamu wa Rais Abdulqawi Yusuf wa Somalia. Katika kesi za India na Pakistan kura zilikuwa 9 kwa 7. Kesi ya California nayo ilikuwa imetupwa mwaka 2015, na rufaa yake ikashindwa mwezi Julai 2017.

Kwa kipimo cha hukumu, deBrum alishindwa. Kwa kipimo cha nafasi, hesabu ni tofauti. Mataifa yaliyoshtakiwa yalipeleka mawakili wao kujibu hoja za nchi yenye watu wachache kuliko wilaya nyingi duniani, na nusu ya majaji katika mojawapo ya kesi hizo waliona kuwa mgogoro ulikuwapo. Mwaka 2015, kabla ya hukumu, deBrum na watu wa Visiwa vya Marshall walikuwa wametunukiwa tuzo ya Right Livelihood kwa hatua hiyo ya kisheria.

7.0 London na Paris: Nyenzo ya Muungano

Mwezi Mei 2013 serikali ya Visiwa vya Marshall ilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya ukame mkali katika atoli za kaskazini. Mwezi uliofuata maji ya bahari yalifurika sehemu za Majuro, mji mkuu. Mwezi Septemba mwaka huohuo, viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki walikutana Majuro na kutoa azimio kuhusu uongozi katika suala la tabianchi. DeBrum alikuwa msukumo mkubwa wa azimio hilo. Mwezi Julai 2015 nchi yake ilitangaza lengo la kupunguza gesi joto zake kwa asilimia 32 ifikapo 2025 ikilinganishwa na 2010. Mchango wa nchi hiyo katika ongezeko la joto duniani ni mdogo mno kiasi cha kutohisika. Lengo hilo lilikuwa na kazi ya kisiasa: anayetimiza wajibu wake ana haki ya kumuuliza mwenzake.

Kanuni hiyohiyo aliipeleka London mwaka 2015, katika Shirika la Kimataifa la Bahari. Visiwa vya Marshall vina mojawapo ya madaftari matatu makubwa ya usajili wa meli duniani, yanayoendeshwa kwa niaba yake na kampuni iliyoko Marekani. Maelfu ya meli hubeba jina la Majuro kwenye tezi zake ingawa nyingi hazitatia nanga huko kamwe, na ada za usajili huo ni sehemu ya mapato ya taifa. DeBrum alidai kwamba usafirishaji wa baharini uwekewe lengo la kupunguza gesi joto. Dai hilo liligusa chanzo cha fedha cha nchi yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo lilikuwa gumu kulipuuza kwa kisingizio cha ubinafsi. Wajumbe hawakulikubali mwaka huo. Mwaka 2018, baada ya kifo chake, shirika hilo lilipitisha mkakati wa kupunguza gesi joto za meli kwa angalau asilimia 50 ifikapo 2050.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika mkutano wa Paris wa Desemba 2015 deBrum alitumia nyenzo ya muungano kwa ukamilifu. Tangu miezi kadhaa nyuma alikuwa akikutana kimyakimya na mawaziri wachache kutoka nchi tajiri na nchi maskini. Tarehe 8 Desemba kundi hilo lilijitokeza hadharani kwa jina la Muungano wa Azma Kubwa, likijumuisha Umoja wa Ulaya na nchi 79 za Afrika, Karibiani na Pasifiki. Marekani ilijiunga siku iliyofuata, na Brazil ikafuata. Mpaka hapo, majadiliano ya tabianchi yalikuwa yamezoeleka kugawanyika baina ya nchi zilizoendelea na nchi zinazoendelea. Muungano huo ulikata mstari huo. Ulidai kikomo cha nyuzi joto 1.5 kitajwe, lengo la muda mrefu liwekwe wazi, na ahadi zipitiwe upya kila baada ya miaka mitano. Siku ya mwisho, wanamuungano waliingia ukumbini wakiwa wamebandika vifuani vipande vya majani ya mnazi, alama ya Visiwa vya Marshall, na deBrum alimpa nafasi msichana wa miaka 18 kutoka Majuro kuzungumza mwishoni. Mkataba uliopitishwa tarehe 12 Desemba unayataka mataifa kuzuia ongezeko la joto libaki chini kabisa ya nyuzi 2 na kujitahidi lisizidi 1.5.

8.0 Mipaka ya Nyenzo Tatu

Uchambuzi wa kazi ya deBrum hautakamilika bila kutaja gharama zake. Kwanza, muungano na wenye nguvu una bei. Mkataba wa Paris una kifungu cha 8 kinachotambua hasara na madhara yatokanayo na mabadiliko ya tabianchi. Lakini uamuzi ulioupitisha mkataba unasema kwamba kifungu hicho hakitoi msingi wa dhima wala fidia, sharti ambalo Marekani ililitaka. Mfanano na mwaka 1986 ni wa wazi: madhara yanatambuliwa, na mlango wa kudai fidia unafungwa katika waraka uleule.

Pili, deBrum alipinga silaha za nyuklia huku akiwakilisha Kwajalein, atoli ambayo Marekani huikodi kwa ajili ya kupokea makombora ya majaribio yanayorushwa kutoka California. Wengi wa wakazi wake wanaishi katika kisiwa cha Ebeye, kisichofikia nusu kilomita ya mraba, na maisha yao yanategemea ajira na kodi ya kituo hicho. Mwanadiplomasia wa nchi ndogo hawezi kuchagua mazingira yaliyo safi. Hufanya kazi ndani ya utegemezi uleule anaoupinga.

Tatu, sifa ya nje haibadiliki kuwa kura za ndani. Katika uchaguzi wa Novemba 2015, wiki chache kabla ya Paris, deBrum alipoteza kiti chake cha ubunge. Aliongoza mazungumzo yaliyompa umaarufu mkubwa zaidi maishani mwake akiwa waziri anayehesabu siku. Baadaye aliteuliwa kuwa balozi wa tabianchi wa nchi yake, kazi aliyoendelea nayo hadi alipofariki mjini Majuro tarehe 22 Agosti 2017 akiwa na umri wa miaka 72.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nafasi ya Visiwa vya Marshall katika uhusiano wa kimataifa ilibadilika bila ukubwa wa nchi, utajiri wake wala utegemezi wake kubadilika. Kilichobadilika ni aina ya maneno yaliyotumika na mahali yaliposemwa. Ombi hupelekwa kwa mwenye uwezo wa kutoa, na hutegemea huruma yake. Dai hupelekwa penye kanuni inayowafunga wote wawili, na humlazimu mdaiwa kujibu hata anapokataa. DeBrum alitafuta mahali pa namna hiyo: mkataba ambao wakubwa walikuwa wameutia saini, mahakama ambamo baadhi yao walikuwa wamekubali kushtakiwa, na mkutano ambamo makubaliano yanahitaji ridhaa ya wote.

Hukumu za 2016 na uamuzi wa Paris zinaonyesha kwamba dai linaweza kukataliwa au kupunguzwa makali. Hata hivyo, njia hiyo haikufungwa. Mwezi Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa msukumo wa Vanuatu, taifa lingine la Pasifiki, liliiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki itoe maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa mataifa katika suala la tabianchi. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ilisema kwamba wajibu huo upo kisheria na kwamba kuukiuka kunaweza kuleta dhima, ikiwamo dhima ya kufidia. Maoni ya ushauri hayamlazimishi mtu kulipa. Lakini swali la dhima, ambalo huko Paris liliwekwa nje ya kifungu cha 8, limerudi mbele ya majaji kupitia visiwa vya Pasifiki, safari hii likiungwa mkono na Baraza Kuu lote.